Mfupa Uliolia

Kisanduku kilikuwa wazi na kitupu. Kitambaa chekundu kilichokuwa kikiufunika mfupa kilikuwa kimekunjwa kando yake, pembe juu ya pembe, kama nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Truphosa alikitazama kitambaa kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kisanduku. Mwizi gani ana nafasi ya kukunja?

"Ulikikuta hivi hivi?" aliuliza.

"Hivi hivi," Bi. Vivian Kuo alijibu. "Sijagusa kitu. Naangalia televisheni, najua hamtaki vitu viguswe."

Walikuwa wakizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake. Bi. Vivian hakumchagua Truphosa kwa sifa. Alitafuta mpelelezi anayesema Kiswahili, akaambiwa yuko mmoja tu, Lewisville, aliyewahi kuwa askari wa CID kule Kakamega na sasa ana leseni ya Texas na ofisi iliyobanwa na saluni. Truphosa alikuwa ameshika barabara ya kuja Houston juzi, karatasi za ramani alizochapa kwenye kompyuta zikiwa zimetandazwa kwenye kiti cha abiria.

Dirishani, kwenye kiti cha magurudumu, alikaa Mzee Kuo, baba wa Bi. Vivian. Kabla ya kiharusi alikuwa mwalimu wa maandishi ya kale huko Taipei. Sasa upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umekufa na ulimi haukutoa neno. Kitu pekee alichokuwa akikitaka mkononi kila asubuhi ni ule mfupa, kipande cha bega la ng'ombe kisichozidi kiganja, kilichochorwa alama za Kichina kabla dunia haijajua karatasi.

"Nakwambia tena," Bi. Vivian alisema. "Saa kumi na moja jioni nawapigia polisi. Nikiupata mfupa kabla ya hapo, sitauliza ulikuwa wapi. Huyo mama aende zake kwa amani. Nisipoupata, atajibu kwa hakimu."

Huyo mama aliitwa Mado, Mkongomani wa Uvira, aliyekuwa akimwogesha, akimlisha na kumgeuza Mzee Kuo kitandani kwa zaidi ya mwaka. Alikuwa na watoto watatu, na makaratasi yake ya kukaa yalikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji. Kesi ya wizi ingetosha kuyarudisha yote chini. Jana Truphosa alimhoji mpaka maneno yakaisha, na Mado alikaa mikono mapajani, akarudia jambo moja, akimwita yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. "Mi sikuiba, yaya. Sikuuza. Mungu ananiona."

Truphosa alimwamini. Alikwisha kuwaona waongo wengi, na huyu hakuwa mmoja wao. Ndiyo maana leo alikuja kumtafuta mwizi kwingine.

Alipiga goti mbele ya rafu, akapitisha kidole ubaoni. Kidole kilirudi kinateleza. Alinusa. Mafuta ya kula. Akainuka, akakagua chumba polepole, mpaka mlangoni. Kwenye mwimo, usawa wa uso wa mtu, palikuwa na alama nyingine ya mafuta iliyokauka.

"Mnapikia mafuta ya zeituni?"

"Sisi? Tunapikia ya karanga. Ya ufuta kidogo. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Nani mwingine aliingia humu Jumapili, siku mfupa ulipopotea?"

Bi. Vivian alisita. "Bwana Fong. Rafiki ya baba, ana duka la dawa kule Bellaire. Amekuwa akiutamani huo mfupa tangu mimi msichana. Kila akija lazima aushike."

"Na mbona hukuniambia hilo?"

"Ni mtu wetu," Bi. Vivian alisema, akaangalia pembeni.

* * *

Duka la Bwana Fong lilikuwa na droo kutoka sakafuni hadi darini, na harufu ya magome, tangawizi na kitu kama udongo uliopata mvua. Mwenyewe alikuwa mzee mwembamba aliyevaa miwani juu ya kipaji cha uso. Truphosa alinunua tangawizi kwanza, ili awe mteja. Kisha macho yake yakatua kwenye beseni la kaunta. Lilikuwa limejaa vipande vya mifupa.

"Hivi ni nini?"

"Mifupa ya joka."

"Ya joka?"

"Ya wanyama wa kale, imegeuka jiwe. Unaisaga, unaichemsha. Nzuri kwa mtu asiyepata usingizi. Wewe unalala?"

"Wiki hii silali." Truphosa aliokota kipande, akakigeuza. "Na wa Mzee Kuo, ungesaga?"

Bwana Fong alimtazama. Miwani ikashuka machoni. Kisha akacheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na ikabidi aegemee kaunta.

"Vivian amekutuma! Anadhani nimemchemsha babu yetu na kumuuza kwa kikombe!" Alijifuta macho. "Lakini hukukosea sana, mama. Watu walifanya hivyo hivyo. Wakulima walikuwa wakichimbua mifupa yenye alama, wanaikwangua alama zitoke, kwa sababu wenye maduka hawakutaka iliyochorwa chorwa. Nani anajua ni maneno mangapi ya wafalme yamenywewa na watu wenye homa. Ni juzi tu, enzi za babu yangu, ndipo wasomi walipogundua kwamba yale ni maandishi."

"Maandishi ya nini?"

Alivuta karatasi ya kufungia dawa, akachora mstari uliosimama, na mwingine mfupi unaotokea ubavuni. 卜.

"Hii ndiyo aliyoipenda Kuo. Ameisomesha maisha yake yote, mistari miwili tu. Sikiliza. Mfalme anataka kujua kama mvua itanyesha. Kama jino lake litapona. Kama mkewe atajifungua salama. Basi wanachimba vishimo nyuma ya mfupa, wanatia moto penye kishimo. Mfupa unapasuka upande wa mbele, ufa mmoja mrefu, na mwingine mfupi unachomoza ubavuni. Mpiga ramli anausoma ule ufa. Halafu wanachonga swali pembeni yake, na siku, na aliyeuliza. Alama hii ni picha ya ufa wenyewe. Maana yake kupiga ramli."

"Inasomwaje?"

"Sisi leo tunasema *bu*. Watu wa kale waliikata mwishoni, kama *puk*! Wako wanaosema ndiyo sauti ya mfupa ukipasuka. Mfupa ulijitaja wenyewe, mtu akaandika."

Truphosa alikuwa amekuja kusikiliza uongo, na hakuusikia. Alimwacha azungumze.

"Kwenye mfupa ilikuwa ikiangalia kushoto au kulia, kufuata ufa ulivyotoka. Walipokuja kuichonga kwenye shaba wakainyoosha. Ilipokuja brashi ya wino, ule mstari mfupi ukawa kama tone. Alama ya farasi leo haina tena kichwa wala mkia unaoweza kuuona, ya samaki imepoteza mapezi. Hii ni ile ile. Angalia." Alinyoosha kidole nje ya kioo, kwenye duka la mboga la ng'ambo, ambako mtu alikuwa ameandika bei kwa kalamu nene juu ya kipande cha boksi. Ile alama ilikuwamo.

"Pale wanapiga ramli?"

"Pale wanauza figili. Waliazima sauti yake tu, kuandika jina la figili. Wafalme wamekwisha, figili zimebaki."

"Jumapili uliushika mfupa?"

"Niliushika na nikaurudisha. Yule mama wa kazi shahidi. Na mama, nitakwambia kitu. Yule hawezi kuwa mwizi wake. Anauogopa. Akipangusa vumbi anakizunguka kile kisanduku kama kuna nyoka. Nikamwonea huruma, nikasema nimweleze, hofu imtoke."

Truphosa aliiweka tangawizi chini. "Ulimweleza nini?"

"Kiingereza changu na chake, tulisaidiana hivyo hivyo. Nikamwonyesha mahali palipoungua. Nikamwambia, moto hapa. Mfalme anauliza. Mababu waliokufa wanajibu, ndani ya mfupa. Nikamwambia Kuo anaweza kuwasoma."

"Akasemaje?"

"Neno moja. Yesu." Bwana Fong alivua miwani. "Nilidhani ameshangaa. Nimesema kitu kibaya?"

Truphosa aliona tena kitambaa chekundu kilichokunjwa kwa heshima na woga, na mafuta ya zeituni kwenye rafu na kwenye mwimo wa mlango. Ni mara ngapi kule Kakamega alikuwa ameona miimo iliyopakwa vile, kwa kidole cha mtu anayefukuza kitu? Angelijua hilo jana hiyo hiyo, kama asingekuwa anatafuta mwizi.

"Hapana, Mzee," alisema. "Umesema ukweli."

* * *

Kanisa la Pasta Godefroid, alikosali Mado, lilikuwa Alief, katika safu ya maduka, kati ya muuza matairi na muuza kadi za simu. Pasta mwenyewe alikuwa akipanga viti vya plastiki, beji ya ghala analofanyia kazi ikining'inia shingoni.

"Karibu, dada! Karibu kwa nyumba ya Bwana! Unatoka ku Kenya, ninasikia."

"Natoka Kenya, Pasta. Nimekuja kuhusu Mado."

"Mado! Maman wa imani, yule. Alitoa ushuhuda hapa, batu balilia."

"Ushuhuda wa mfupa?"

Truphosa alilisema kama mtu anayeuliza habari njema, na Pasta alilipokea hivyo hivyo.

"Ile fetishi, ile dawa ya uchawi ya yule muzee mu-Chinois! Tuliimaliza, dada. Vraiment, tuliimaliza. Ilikuwa na kitambaa nyekundu. Nyekundu! Ilikuwa na alama za moto, na maandiko ya bafu, ya batu balikufa. Na rafiki ya yule muzee alimwambia Mado wazi, bila haya, ati mizimu njo inajibia mule ndani. Muzee wa watu amefungwa mukono, amefungwa kinywa, na kitu kinamufunga kiko pale pale anakishika kila asubuhi. Wewe ungeacha?"

"Mliimaliza vipi?"

"Kwa moto. Jumapili ile ile, nyuma hapa, kanisa lote limesimama. Na dada, ililia!" Alipiga makofi kuonyesha. "Pu! Pu! Kama mutu anapigwa. Mama mumoja alianguka chini."

Truphosa hakuhitaji swali lingine. Mfupa mwingine wowote ungeteketea kimya kimya na yeye angebaki na matumaini kwamba Pasta alichoma wa nguruwe na ule wa Mzee Kuo uko mahali fulani. Lakini mfupa mkavu wa kale, uliochimbwa vishimo nyuma ili upasuke, ulikuwa umefanya kazi yake.

"Pasta, mfupa wa namna ile ukiingia motoni unapasuka."

"Wewe ni mukristo?"

"Mimi ni mkristo."

"Basi unajua."

Pipa lilikuwa nyuma, kando ya ukuta. Truphosa alivua koti, akakunja mikono ya blauzi, akaliinamisha. Alichekecha majivu kwa kitambaa chake cha kichwa, konzi baada ya konzi, huku Pasta akisimama mbali na kumwombea kwa sauti ya chini. Alipata misumari, bizimu ya mkanda, na karibu na chini kabisa kipande cheupe kama chaki, kidogo kama ukucha. Palikuwa na mkwaruzo mmoja juu yake, ulionyooka. Alipokibana ili akitoe kilisagika, akabaki na unga kwenye ncha za vidole.

Alibaki amechuchumaa.

"Unajua Mado atafungwa?" alisema bila kugeuka.

Maombi yalikoma. "Afungwe kwa nini? Muzee anasogeza vidole sasa! Mado alituambia."

"Kwa kuchoma mali ya watu. Njoo nami Sugar Land, kwa binti wa yule mzee. Mwambie yule mama kwamba moto uliuwasha wewe, na Mado hakujua ni kitu gani. Ukilisema wewe, mtumishi, lina uzito."

Pasta Godefroid alishika beji yake, akaigeuza, akaiachia.

"Dada, niko na kazi saa nane. Nikikosa tena, banifukuza. Na mimi pia, makaratasi yangu..." Aligeukia mlango wa kanisa. "Tutafunga. Kanisa lote tutafunga na kuomba kwa ajili yake."

Truphosa alimtafutia hasira, hakuipata. Viatu vya mtu yule vilikuwa vimechanika pembeni.

* * *

Mado alikuwa nyumbani kwake, akisuka nywele za binti yake, Merveille, mbele ya televisheni. Truphosa alimweleza mambo kama yalivyo. Mado hakuacha kusuka.

"Nilikuwa nimeficha, yaya? Uliniuliza kama niliiba. Uliniuliza kama niliuza. Hukuniuliza kama nilichoma."

"Hukuona ni jambo la kuniambia?"

"Niliona unauliza vya mwizi. Mi siko mwizi."

"Sikiliza, Mado. Ule mfupa ulikuwapo kabla Yesu hajazaliwa. Mzee aliusoma maisha yake yote. Ilikuwa kazi yake, kama wewe na kazi yako."

"Aliusoma, na umemupatia nini?" Mado alimgeuza mtoto kichwa taratibu. "Kidole kinasogea, yaya. Jumatatu asubuhi kilinishika. Tangu nimeingia ile nyumba hakijawahi kunishika."

"Daktari atasema ni mazoezi."

"Aseme."

Truphosa alipiga simu kwa wakili wa msaada. Sauti ya mashine ilimwambia aache jina na namba. Alipiga kwa mwingine, ikawa mashine pia. Akamshika Mado bega. "Fanya hivi. Usiseme kitu kwa mtu. Si kwa Bi. Vivian, si kwa polisi. Mpaka nimpate wakili. Umenielewa?"

"Mum, who is she?" Merveille aliuliza.

"Ni yaya wetu. Tulia." Mado alifunga msuko wa mwisho, akainuka, akachukua viatu vyake mlangoni. "Mi nitamwambia mama Viviane. Wananisema mwizi, jina langu linaoza. Akisikia ni kwa ajili ya baba yake, ataelewa. Hata kama si leo."

"Hataelewa."

"Iko baba yake, yaya. Wewe hauna baba?"

"Nikikataa kukupeleka?"

"Kuna bus."

Truphosa alisimama na funguo za gari mkononi. Alikuwa ameajiriwa na Bi. Vivian autafute ukweli, na ukweli ulikuwa umeinama pale mlangoni unafunga kamba za viatu.

* * *

Nyumbani kwa Mzee Kuo, kutafsiri kulichukua muda mfupi. Truphosa alitafuta neno la Kiingereza lililo laini kuliko "kuchoma", hakulipata. Alieleza mafuta, kitambaa, maneno ya Bwana Fong, pipa. Alieleza kwamba Mado alifikiri anamwokoa mzee. Alisema mengi ambayo Mado hakuyasema.

Bi. Vivian alisikiliza akiwa amesimama. Alipouliza, aliuliza jambo moja. "Hakuna hata kipande?"

"Hakuna."

Alimwendea baba yake, akasema naye Kichina kwa sauti ndogo. Mzee Kuo alimtazama, kisha akaangalia dirishani. Haikujulikana amesikia kiasi gani. Bi. Vivian akaingia jikoni, na mlango haukuziba sauti yake kwenye simu.

"Anasema nini?" Mado aliuliza.

"Anaita polisi."

"Umemwambia vidole vinasogea?"

"Nimemwambia, dada."

Mado alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Macho yake yalikwenda kwenye meza ya mzee. Palikuwa na bakuli la uji lililofanya utando juu, na uji mwingine ulikuwa umekauka kidevuni mwa mzee. Msichana aliyeletwa badala yake alikuwa amekwisha kuondoka. Mado alichukua bakuli, akalipasha moto kwenye kimashine kile kile alichokuwa akikitumia siku zote, akalowesha kitambaa, akamfuta mzee kidevu. Akavuta kiti. Alijaribu uji kwa mdomo wake, akapuliza, akapeleka kijiko upande wa kushoto, ule ulio hai. Mzee alifungua kinywa.

"Eh, baba. Polepole. Hakuna mutu anakukimbiza."

Truphosa alikaa kwenye ngazi. Hakukuwa na swali la kuuliza. Yote aliyotumwa kuyajua alikuwa ameyajua.

Askari waliofika walikuwa wawili, wenye adabu. Mmoja alisikiliza Bi. Vivian, mwingine akamkaribia Mado, akamwomba asimame. Mado hakuelewa, akaendelea kupuliza kijiko. Askari alimgeukia Truphosa.

"Wewe ndiye mkalimani?"

"Mimi ni mpelelezi."

"Lakini unaisema lugha yake."

Naye akaanza kusoma haki za mtuhumiwa, na Truphosa akazirudisha kwa Kiswahili, moja baada ya nyingine, akichagua maneno ya Uvira pale alipoyajua. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili. Mado alisikiliza hadi mwisho bila kuondoa macho kwa mzee.

"Mwambie angoje kidogo, yaya," alisema. "Muzee hajamaliza kula."

Truphosa alimwambia askari. Askari akatazama bakuli, akatazama saa yake, akasema hapana.

Na hilo nalo ikabidi alitafsiri.